Jalaba la Marehemu Idder

Tiznit, 10 Juni 1960

Kwa Idder,

Assalaam alaykum. Idi Kubwa imetukuta wazima. Tulichinja kondoo mmoja. Shemeji yako Mamas alitaka tukukaushie paja kwa chumvi, nikamwuliza tunamkaushia nani, na tutalipeleka wapi. Goti la baba mkwe bado linamsumbua. Posta kazi ni nyingi tangu tetemeko la Februari, kwa kuwa watu bado wanaandika barua kwenda Agadir, na barua zote zinarudi kwangu.

Sasa nije kwenye lililonifanya nishike kalamu. Abella muuza vitambaa amerudi kutoka Kasablanka. Baada ya sala ya Ijumaa, mbele ya msikiti, watu wote wakisikia, aliniita: "Belaid! Yule ndugu yako tuliyemsalia sala ya maiti, nimemwona uwanjani kabeba watu tisa mabegani, kavaa suruali nyekundu!" Watu walicheka. Nami nilisimama pale na viatu mkononi.

Ulimwachia Mamas neno kwamba unakwenda kutafuta kazi bandarini. Kumbe umejiunga tena na wapiga sarakasi wa walii Sidi Hmad u Musa, wale wale ambao baba alitupeleka kwao msimu mmoja tulipokuwa wadogo, na sote tukatoka. Mkeo Fadma hajatimiza miezi minne kaburini, kama shimo lile la chokaa lastahili kuitwa kaburi. Mji mzima wa Agadir uko chini ya mawe, na wewe unabiringika mbele ya watafuna karanga.

Neno hili nimelipima kabla ya kuliandika. Yule Idder tuliyedhani amekufa alikuwa mtu mwema kuliko wewe. Watu walimsifu. Fakihi alilia. Wewe uliyerudi badala yake sikujui.

Binti yako Tuda hajambo. Anakula.

Rudi kabla mwezi haujaisha.

Belaid


Tanja, 2 Julai 1960

Kaka Belaid,

Waalaykum salaam, ingawa salamu yako umeitupa kama mtu anayemtupia mbwa mfupa. Nami sijambo. Mkaddam Hmad, mkuu wa kikundi chetu, anaumwa jino na hataki ling'olewe, kwa hiyo sote tunaumwa naye. Shemeji Mamas mpe salamu zangu zote, na lile paja lililokaushwa kichwani mwake tu, mwambie nimelila.

Unasema hunijui. Nami nitakueleza ni lini uliacha kunijua, maana wewe hupenda tarehe. Nilitoka hospitali Kasablanka nikiwa nimemshika Tuda mkono. Nikashuka kwenye lori Tiznit, nikapinda kwenye mtaa wako, nikakuta viatu vya watu mlangoni. Nikadhani kuna harusi. Nikaingia. Watu wanakula kuskusi, fakihi yuko katikati ya dua, na jina ninalolisikia ni langu. Mlikuwa mnanifanyia arobaini! Jirani Si'Mulud aliponiona alidondosha kijiko. Na wewe, kaka yangu wa baba mmoja mama mmoja, ulisema nini? Ulisema, "Mbona hukuandika?"

Nikaketi nikala. Nilikuwa na njaa, na chakula kilikuwa changu.

Asubuhi yake nikaomba nguo zangu, lile sanduku nililoliacha kwako nilipooa. Ukaniambia umezigawa sadaka, kama inavyotakiwa kwa maiti. Viatu vyangu vilikuwa vinaadhini msikitini, miguuni mwa mwadhini. Jalaba langu la kahawia, kanzu ile ya kofia, nililikuta sokoni, amelivaa muuza mkaa, na akanisalimia vizuri tu. Nilikaa kwako wiki tano nikivaa suruali zako zinazoishia juu ya vifundo. Wanawake walinisimamisha njiani wakaniuliza kama huko niliwaona watu wao. Huko wapi? Watoto walinigusa kisha wakakimbia.

Mkaddam Hmad alipopita Tiznit hakuniuliza kitu. Alinitazama mabega, akafungua fuko, akanipa suruali nyekundu. Hiyo ndiyo nguo ya kwanza iliyokuwa yangu tangu nizikwe na wewe.

Wiki ijayo tunavuka bahari kwenda Uhispania na sarakasi kubwa yenye hema. Sirudi.

Nakuuliza jambo moja tu. Tuda analala wapi? Usiniambie anakula. Hata kuku anakula.

Idder


Tiznit, 25 Agosti 1960

Kwa Idder,

Salamu. Goti la baba mkwe limepata nafuu. Lozi mwaka huu ni chache na Mamas amesaga amlu ya kuchovyea mkate kidogo sana. Mtoto wa kwanza wa Si'Mulud ameoa, na harusi haikuwa na ngoma kwa sababu bibi harusi amefiwa na watu kumi na mmoja Agadir. Wapo watu wenye haya.

Wiki iliyopita ilikuwa ziara ya mwaka kwenye kaburi la Sidi Hmad u Musa, kule Tazerwalt. Nilipanda lori nikaenda, nikijua kila mpiga sarakasi hurudi kwa walii wake, nikiwa nimejiandaa kukurudisha nyumbani kwa ukosi. Nikaambiwa kikundi chenu kimebaki kwa makafiri kwa sababu ya mkataba. Kwa hiyo hata walii mwenyewe mmemkimbia. Nililala kwenye vumbi nikarudi.

Kifurushi chako kilifika. Suruali nyekundu ya kitoto, yenye uzi wa dhahabu pembeni. Nimeifunga tena na kuirudisha kwa aliyeituma, na muhuri nimeupiga kwa mkono wangu. Mtoto aliyetolewa chini ya mawe havalishwi kama nyani wa uwanjani.

Huna haki ya kuniuliza maswali. Anayeuliza ni yule aliyebaki.

Tuda hajambo. Amenenepa.

Belaid


Valensia, 14 Oktoba 1960

Kaka,

Salamu kwako na kwa shemeji. Barua yako ilinifuata miji minne. Inashangaza kwamba katika nchi nzima mtu ambaye barua zake huchelewa kuliko zote ni karani wa posta.

Kifurushi nacho kimefika. Muhuri wako umenyooka vizuri, hongera. Ndani nimekuta gunia tupu la unga, limekunjwa mara nne. Suruali haimo. Waulize wa nyumbani mwako.

Hutaki kunijibu, basi mimi nitakusimulia, na ukitaka usisome. Tulisafiri kwenye malori tukipanda milima ambako kwenye kona magurudumu ya nyuma yalikuwa hewani. Nimelala jirani na ngamia anayekoroma. Nimekula machungwa nimesimama kwenye mto. Katika mji mmoja walitupigia makofi mpaka Mkaddam Hmad akasahau jino lake. Mwezi uliopita ikaja dhoruba, tukiwa ndani ya hema tunafunga kamba. Mlingoti wa katikati ukavunjika. Hema lote likatuangukia.

Giza, uzito na vumbi. Unajua ilinipeleka wapi. Nikajikuta nimepiga magoti na mikono, mgongo juu, nimeusukuma ule uzito, nimetulia vile vile nilivyotulia Agadir chini ya boriti. Sikuweza kupumua. Mara nikasikia chini ya tumbo langu mtu anatukana. Ni mzee Paskual, mchekeshaji wetu, uso umepakwa chokaa na pua nyekundu imehamia sikioni. Amekumbatia kofia yake, na ndani ya kofia yupo kuku wake wa mchezo. Kuku kwa hofu akataga, pale pale. Paskual akalipapasa yai gizani, akaniambia, "Bwana, usiniangukie sasa. Tumeingia wawili na kuku, tunatoka na chai ya asubuhi."

Nilicheka, kaka. Nilicheka mpaka turubai likatikisika na wenzetu wakajua wachimbe wapi. Tangu Februari nilikuwa sijasikia sauti hiyo, na mwanzo nilidhani ni mtu mwingine anayecheka.

Wewe unasema nabiringika. Mimi sibiringiki, mimi ni wa chini kabisa, ninayebeba wote. Kule Agadir nilibeba boriti tangu saa ile ya usiku mpaka mabaharia walipotuchimbua, Tuda akiwa katikati ya miguu yangu. Fadma alikuwa upande wa pili wa ukuta. Hilo sitakuandikia, usiniombe. Lakini nitakwambia hili. Boriti ile haikushuka. Hawa tisa, kila jioni, hupanda mabegani mwangu, huzunguka, kisha hushuka. Hushuka mmoja mmoja, wakiwa hai, wakilalamika njaa. Kwa ajili ya hilo ningebeba hata tembo.

Tuda analala wapi?

Idder


Tiznit, 20 Desemba 1960

Kwa Idder,

Hatujambo. Baridi ni kali na mizeituni imevunwa. Baba mkwe anakusalimu, kwa kuwa hajui ninayoyajua.

Kuhusu gunia, nimemwuliza Mamas. Amesema niiulize mikono yangu iliyofunga kifurushi. Nimetafuta ile suruali nyumba nzima sijaiona. Mmeniingilia mpaka ndani ya nyumba yangu.

Kuhusu kuku wa Mhispania, sina la kusema. Maelfu ya watu wamekufa, wewe unanisimulia yai.

Nimepeleka maombi kwa kadhi nipewe ulezi wa Tuda. Baba yake hayupo, hana makao, na kazi yake haina heshima. Kikao ni Jumatatu tarehe 13 Februari. Usipofika, kadhi ataamua bila wewe. Shule ya wasichana imekubali kumpokea. Atajifunza kuandika, atakaa chini ya paa la watu wenye adabu, na mambo yataisha.

Na kwa kuwa umeuliza mara mbili kama mtu mwenye haki, nakujibu ili uone aibu. Halali chini ya paa lolote. Analala juu, kwenye sakafu ya paa, tangu wiki uliyomwacha. Ulipokuwepo alilala amejibana mgongoni kwako, ndiyo maana hukujua. Ulipoondoka alipanda ngazi na blanketi. Mwezi wa Mei nilimfungia chumbani siku moja tu. Sitaeleza ilikuwaje. Mlango ule sasa hauko kwenye bawaba, nimeutoa mwenyewe.

Nani unadhani yuko naye huko juu? Mamas mgongo wake haumruhusu. Mimi, karani wa serikali, ninayetakiwa kazini saa mbili, nalala kwenye kichwa cha ngazi mwezi wa Desemba nikiwa nimevaa majalaba mawili, la sufi kuukuu ndani na la kahawia juu, na hili la juu linanuka mkaa hata lifuliwe vipi. Majirani wananiita mlinzi wa nyota. Mvua ikinyesha tunakaa chini ya turubai la mizigo la posta, yeye akiwa ameshika ncha moja na mimi nyingine. Asubuhi nakohoa mbele ya wateja. Haya ndiyo unayoyakimbia kwa kwenda kupigiwa makofi.

Usithubutu kuniuliza tena analala wapi.

Belaid


Malaga, 15 Januari 1961

Kaka Belaid,

Salamu kwako, kwa shemeji, na kwa goti la baba mkwe.

Barua yako nimeisoma mara nyingi, mwisho Paskual akaninyang'anya. Hajui lugha yetu, lakini alisema karatasi hiyo inanifanya nipumue vibaya.

Kadhi unaniletea mimi? Vizuri. Nitakuja na suruali yangu nyekundu nisimame mbele yake nimwambie: Mheshimiwa, huyu anayesema mimi sina heshima alipokuwa na miaka tisa aliwekwa juu kabisa ya mnara wa watu, kwa kuwa alikuwa mwembamba, na mnara ulipoanza kuzunguka akamkojolea kila aliyekuwa chini yake. Nami nilikuwa chini yake. Nilioga mara mbili. Baba akakupeleka shule siku ya pili yake, na tangu hapo unachukia kila kilicho juu na kila kinachozunguka. Huna ugomvi na heshima, kaka. Una ugomvi na ngazi.

Nimeandika hayo kwa hasira. Sasa naandika mengine, na bado nina hasira.

Sikujua kuhusu paa. Ungeniambia mwezi wa Juni. Nilikuuliza mwezi wa Julai. Ulininyima ili uendelee kuwa mwema peke yako.

Tunarudi Tazerwalt kumwomba walii baraka kabla ya msimu mpya. Tutacheza pale mbele ya kaburi lake Alhamisi tarehe 9 Februari, siku nne kabla ya kikao chako. Mlete Tuda. Nitamwuliza mbele yako anataka kukaa na nani. Akisema Tiznit, nitakwenda nawe kwa kadhi kwa miguu yangu na nitatia sahihi. Akisema yuko nami, wewe utayafuta maombi yako. Kama unamjua kama unavyosema, unaogopa nini?

Na lile jalaba la kahawia linanuka mkaa kwa nini? Wewe unayefukiza udi hata soksi.

Idder


Tiznit, 3 Machi 1961

Kwa Idder,

Ramadhani karimu. Tunafunga wote isipokuwa baba mkwe, ambaye daktari amemkataza na yeye anamlaani daktari kila adhuhuri.

Naandika barua hii ili pasiwe na mtu atakayesimulia ya Tazerwalt kwa njia nyingine. Tangu jioni ile Abella muuza vitambaa ameshaisimulia kwa njia tatu.

Nilimleta Tuda kwa sababu uliniuliza naogopa nini, na kwa sababu nilikuwa na hakika. Njiani kwenye lori alikuwa amekaa juu ya mizigo. Nilimwambia, "Baba yako atakuuliza. Useme kweli." Akasema, "Nitasema, Ami." Nikadhani nimeshinda.

Wewe ulikuwa umeinamisha kichwa chini ya watu tisa, hukuona kitu, kwa hiyo sikiliza. Mnara ulikuwa umekamilika na ngoma inapigwa. Tuda alikuwa amenishika mkono. Mara mkono ukawa mtupu. Gauni lake lilikuwa limebaki chini miguuni mwangu, na yeye anakimbia uwanjani amevaa ile suruali nyekundu yenye uzi wa dhahabu. Mamas alikuwa amemvalisha ndani ya gauni tangu nyumbani. Mwanamke huyo nimeishi naye miaka kumi na minne. Kabla Mkaddam Hmad hajasema lolote, mtoto alishakanyaga goti lako, bega lako, kiuno cha wa pili, akapita juu ya watu kama anayepanda ngazi ya kwetu. Mwendo ule najua alijifunzia wapi. Alijifunzia kwenye ukuta wa paa langu, kila asubuhi, na mimi nikimwambia ashuke.

Akasimama juu kabisa. Mkaanza kuzunguka, wapumbavu nyinyi.

Na mimi, kwa kuwa umenitukana kwa hilo na Abella naye atakusimulia, niliingia uwanjani. Nililishika jalaba pindo na kulitandaza, kama mwanamke anayekinga lozi, nikawa nazunguka chini yenu kwa kadiri mlivyozunguka, nikipiga kelele watu wote wakicheka. Wale walionicheka mbele ya msikiti walikuwapo. Sikuweza kuliachia jalaba.

Hapo ndipo aliponiita. "Ami! Ami Belaid, tazama! Hakuna kitu juu yangu!"

Alikuwa anacheka. Nimekaa naye miezi kumi na sijawahi kuisikia sauti hiyo. Hukuhitaji tena kumwuliza swali lako, nawe hukumwuliza, na kwa hilo tu nakushukuru.

Mengine uliyafanya vibaya. Mtu anatoka chini ya watu kumi, anaona ndugu yake baada ya miezi tisa, na la kwanza anasema, "Hilo si jalaba langu?"

Nikakujibu, "Ni lako."

"Ulimnyang'anya maskini sadaka?"

"Sikumnyang'anya mtu. Nilibadilishana. Alichukua langu la sufi jipya, nikachukua hili."

"Lini?"

"Siku uliyoondoka."

"Kwa nini hukunitumia?"

Sikukujibu, ukaanza kupiga kelele kuwa siku zote sijibu, nami nikapiga kelele kuwa wewe siku zote unauliza mbele za watu, mpaka Mkaddam Hmad akatuomba twende tukagombane nyuma ya kaburi la mtu mwingine. Sasa nakujibu. Sikukutumia kwa sababu tulikuwa tumekusalia. Ulipoondoka bila kuaga, nilihitaji mtu mmoja wa kubaki naye.

Tarehe 13 nilikwenda kwa kadhi peke yangu kufuta maombi. Akauliza sababu. Nikamwambia mtoto ana baba. Akasema, "Si ndiye mliyemsalia?" Nikasema, "Mheshimiwa, nilikosea mtu."

Masharti yangu ni haya, na si ya kujadiliana. Mwezi wa Oktoba Tuda arudi kwangu aende shule, na kila mwaka hivyo. Ubao wake wa kuandikia nimeuweka kwenye fuko, utumike. Asile soseji za Wahispania. Asipande mnara wenu kabla hamjaweka wavu. Na yule kuku wa Paskual asilale naye.

Usidhani nimekusamehe. Uliondoka kama mwizi, na ukiondoka hivyo tena usirudi.

Lipo jambo jingine. Mwaka huu Februari imeishia tarehe 28. Mimi huandika kila siku kabla ya kulala, unajua desturi yangu, na ile tarehe 29 ya tetemeko mwaka huu haina pahala pa kuandikwa. Nilidhani nitaona nafuu. Nilikuwa Agadir siku ya pili, nimekwenda na lori kuwatafuta nyinyi. Niliyoyasikia yakitoka chini ya mawe, kabla hawajatukataza kukaribia, sijayaandika mwaka jana wala mwaka huu.

Tuda alipoondoka na wewe nilishusha blanketi nikarudi kitandani kwangu, na Mamas akafurahi. Usiku wa kwanza nilitazama dari. Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu nikapanda juu. Niko juu mpaka leo, peke yangu, na sina tena mtoto wa kumsingizia. Mamas ananiuliza namlinda nani sasa.

Belaid


Fes, 24 Machi 1961

Kaka,

Salamu, na heri ya Idi iliyopita. Shemeji mwambie suruali sasa imechanika gotini, atume nyingine, na safari hii aifunge yeye.

Wavu tumeweka. Soseji hali. Kuku analala naye, nimeshindwa.

Nilipofika pale kwenye Agadir katika barua yako niliacha kusoma, nikatoka nje. Mimi nilidhani tulikuwa wawili chini ya yale mawe. Kumbe na wewe uko huko, na hakuna aliyekuja kukuchimbua, maana kila anayekuja unamwambia mbona hakuandika.

Usikae juu ya paa ukikohoa peke yako kama mjinga. Omba likizo yako posta, zile siku unazozilimbikiza kila mwaka. Panda basi. Kazi ipo: hatuna mtu wa kuandika mikataba, na Mkaddam Hmad anatia sahihi chochote kinachonukia kahawa. Kuna na nafasi chini kabisa, upande wangu wa kushoto. Tangu Tazerwalt watu wananiuliza yuko wapi yule mzee wa jalaba. Wanadhani ulikuwa sehemu ya mchezo. Walicheka kuliko walivyocheka kwa Paskual, na Paskual amenuna.

Jalaba njoo nalo. Usinirudishie. Limeshazoea kwako, na mimi sitaki kunuka mkaa.

Juu hatutakuweka, naapa kwa walii. Nimekwisha kuoga kwa ajili yako mara mbili maishani, inatosha.

Bado nina hasira na wewe. Njoo unikute nazo.

Idder

Nimeandika mwenyewe kwenye ubao kisha baba amenipa kalamu. Ami, huku paa letu ni kitambaa, ukilisukuma kwa kidole linakwenda. Nimekuwekea mahali karibu na mlango. Ncha moja nitashika mimi. Tuda.